Makaroni za Halloween: rangi nayo ipimwe

Ndugu Mhariri,

Maelekezo ya biskuti za makaroni za Kifaransa kwa ajili ya Halloween, yaliyochapishwa kwenye ukurasa wenu wa mapishi, yamepambwa kwa picha za kupendeza: mizuka myeupe, maboga ya rangi ya chungwa, popo weusi tititi. Hofu yangu ni kwamba msomaji atakayeyafuata kama yalivyo hatatoa kitu kinachofanana na picha hizo. Atafungua oveni akute maganda, yaani vile vipande viwili vya biskuti vinavyobana krimu katikati, yaliyopasuka, au yaliyokunjamana juu, au yaliyonata kwenye karatasi, kisha atajilaumu kwamba hana mkono wa kuoka. Kosa halitakuwa lake. Maelekezo yenyewe yanapima unga wa lozi kwa vikombe, yanahesabu mayai badala ya kupima ute, na kuhusu rangi yanasema tu "nyeusi ya kutosha". Keki ya kawaida huvumilia makadirio ya namna hiyo. Makaroni haivumilii, na ya Halloween ndiyo isiyovumilia kabisa, kwa sababu siku hii inadai rangi nzito kuliko sikukuu nyingine: nyeusi, chungwa iliyokolea, zambarau. Rangi ina uzito wake na mara nyingi ina maji ndani yake. Ni kiungo kamili, na ikiingia bila kipimo huharibu kazi nzima kabla trei haijafika kwenye oveni.

Nianze na mizani, maana bila mizani ya jikoni ya kidijitali mengine yote ni bahati nasibu. Kipimo kinachoaminika kwa njia ya Kifaransa, ambayo ute hupigwa na sukari kavu bila shira, ni ute wa mayai gramu 100, sukari laini ya chembe gramu 90, unga wa lozi gramu 130, na sukari ya unga, ile ya aisingi, gramu 130. Hapo utapata maganda kati ya 50 na 60 yenye upana wa sentimita 3.5 hadi 4, yaani biskuti 25 hadi 30 zikishaunganishwa mbili mbili. Ute wa yai moja kubwa huwa gramu 30 hadi 35, kwa hiyo "mayai matatu" yanaweza kuwa gramu 90 kwa mwokaji mmoja na gramu 105 kwa mwingine. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za ute ni maji, na hiyo tofauti ya gramu 15 inatosha kabisa kuugeuza mchanganyiko mzuri kuwa uji. Kikombe nacho hudanganya vilevile: unga wa lozi ulioshindiliwa na ule uliomiminwa taratibu haviwi na uzito mmoja hata vikombe vikiwa sawa.

Lozi ziwe zimemenywa ngozi na kusagwa laini. Ukiufinya unga mkononi ukabaki bonge lenye mng'ao wa mafuta, utandaze kwenye trei uukaushe kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 15, kisha uuache upoe kabisa. Mafuta ya lozi ndiyo yanayoleta mabaka na mikunjo juu ya ganda. Ukisaga unga pamoja na sukari ya unga ili kuulainisha, bonyeza mashine kwa vipindi vifupi, vitatu au vinne, kwa kuwa ikizunguka mfululizo lozi hupata joto na kutoa mafuta. Baada ya hapo chekecha. Chenga zilizobaki kwenye chekecheke zikizidi kijiko cha chakula, zitupe na ujazie uzito uleule kwa unga laini.

Ute uwe safi, bila tone la kiini. Watu wengi huuacha ute mezani siku nzima eti uzeeke. Kwa usalama ni afadhali ukae kwenye friji kwa saa 24 hadi 48 ndani ya bakuli lililofunikwa na karatasi yenye matundu, ili maji yapungue kidogo, kisha utolewe saa moja kabla ya kazi. Ute wa pakiti uliopitishwa kwenye joto mara nyingi hautoi povu imara, kwa sababu joto limekwisha kubadili protini zake. Futa bakuli na mchapo wa mashine, yaani nyaya zake za kupigia, kwa kitambaa chenye siki. Mafuta kidogo tu yakibaki, povu litagoma.

Piga ute polepole mpaka ufanane na povu la sabuni, ndipo uanze kuongeza sukari kwa mafungu matatu, ukipandisha kasi kila mara. Simama pale povu linapong'aa na ncha yake inaposimama wima ukiinua mchapo. Ukiendelea kupiga litakuwa na mabongemabonge kama pamba, na maganda yatakuwa matupu ndani hata kama juu yanapendeza.

Sasa rangi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Rangi ya maji, ile ya chupa ndogo ya kudondosha, isitumike hata kidogo. Ili chungwa ikolee utahitaji kijiko cha chai kizima au zaidi, na hayo ni maji ya ziada katika mchanganyiko usiokuwa na nafasi ya maji. Ganda halitakauka juu, na likiingia kwenye joto litapasuka au litakaa bapa bila ile pindo yenye vitundu chini, tunayoiita miguu. Tumia rangi ya jeli nzito au ya unga. Kwa kipimo nilichotaja, nusu kijiko cha chai cha jeli ni ukomo wa busara. Ya unga huanzia gramu 1 na huchekechwa pamoja na lozi. Jeli iingie kwenye povu likiwa karibu kukamilika, ipigwe sekunde chache tu. Ukiichelewesha mpaka lozi zimeshaingia, utalazimika kuchanganya kupita kiasi ili rangi ienee, na mchanganyiko utalegea mikononi mwako. Rangi ya povu iwe imekolea kuliko unavyotaka ganda liwe, kwa maana lozi na sukari huipausha na joto huifubaza.

Nyeusi inahitaji maelezo yake peke yake. Ukimimina jeli nyeusi kwenye mchanganyiko mweupe unapata kijivu. Unaongeza, unapata kijivu kizito. Unaongeza tena, na sasa mchanganyiko umekuwa mwepesi, una uchungu, na utapaka meno na midomo ya kila atakayeuonja. Ganda jeusi huanzia kwenye kahawia. Toa gramu 15 za unga wa lozi, weka gramu 15 za kakao isiyo na sukari, na ukipata ile kakao nyeusi iliyosafishwa kwa alkali nyingi nusu ya kazi imekwisha. Chagua kakao yenye mafuta kidogo, kwani mafuta hudhoofisha povu. Ongeza jeli au unga mweusi kidogo mpaka mchanganyiko ufikie rangi ya makaa, kisha uache. Weusi hukolea wenyewe wakati maganda yanapumzika, na hukolea zaidi yakishapoa. Krimu ya siagi nayo ni hivyohivyo: ikitengenezwa leo ikiwa kijivu cheusi, kesho inaamka nyeusi.

Kuna wanaotumia mkaa ulioamilishwa ili kupata weusi. Ninashauri uachwe. Mkaa huo hunasa dawa tumboni, ndiyo maana hospitali huutumia kwa baadhi ya sumu, na mgeni anayekunywa vidonge vya kila siku anaweza kukosa nguvu ya dawa yake bila kujua sababu. Kakao inafanya kazi hiyohiyo na ina ladha nzuri.

Kwa mizuka, kinyume chake, adui ni joto. Unga mweupe wa kung'arisha, titani dioksidi, wenye namba E171, Umoja wa Ulaya uliupiga marufuku kama kiungo cha chakula mwaka 2022, na ganda la mzuka wala haliuhitaji. Lozi zilizomenywa vizuri, zikiokwa kwa nyuzi 135 hadi 140 na kufunikwa kwa karatasi ya foili bila kuigusisha baada ya dakika kumi za mwanzo, hutoa weupe wa pembe za ndovu, na mbele ya macho meusi mawili weupe huo unatosha. Zambarau nayo huogopa joto: ganda likianza kupata ukahawia, ule umanjano wake unaiua zambarau na kubaki rangi ya matope. Ioke kwa joto la chini kama mizuka, na uikoleze tangu mwanzo.

Chungwa ni rahisi zaidi, nyekundu kidogo ndani ya njano nyingi, lakini soma kibandiko cha chupa. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unadai onyo kwenye vyakula vyenye rangi sita za kiwandani, zikiwemo E102, E110 na E129, kwamba zinaweza kuathiri vibaya utulivu na umakini wa watoto. Hizo tatu ndizo hasa zinazounda chungwa. Anayetaka kuziepuka anaweza kutumia manjano ya unga pamoja na paprika tamu, robo kijiko cha chai kila moja. Boga litatoka na rangi tulivu badala ya kung'aa, na kwa maoni yangu linafanana zaidi na boga la kweli.

Msomaji atakayetaka rangi nne kwa siku moja ni afadhali aache njia ya Kifaransa na ashike ya Kiitaliano, ambayo povu lake hutengenezwa kwa shira ya moto na huweza kusubiri bila kuanguka. Unga wa lozi gramu 150 na sukari ya unga gramu 150 huchanganywa na ute gramu 55 ukawa kinyunya kizito. Sukari ya chembe gramu 150 na maji gramu 40 huchemshwa hadi nyuzi 118, kwa kipimajoto na si kwa jicho, kisha shira humiminwa kwa uzi mwembamba ukingoni mwa bakuli lenye ute mwingine gramu 55 unaoendelea kupigwa. Piga mpaka bakuli libaki na uvuguvugu tu. Hapo gawa kinyunya na povu kwa uzito ulio sawa katika mabakuli manne, tia rangi kwenye kinyunya cha kila bakuli, ndipo uchanganye. Kwa njia ya Kifaransa usivuke rangi mbili: changanya povu na lozi nusu ya safari, gawa, tia rangi, malizia kila upande haraka.

Kuchanganya kwenyewe hakuna dakika maalumu. Unakunja kwa mwiko wa silikoni, unakandamiza mchanganyiko ukutani mwa bakuli ili kutoa hewa, unazungusha, unarudia. Inua mwiko: mchanganyiko unapaswa kushuka kama utepe mzito usiokatika, uweze kuchora namba nane, na mchoro uzame wenyewe ndani ya sekunde 20 hadi 30. Ukikatika vipande bado ni mzito, na maganda yatabaki na ncha juu. Ukitiririka bila kuacha alama umeshapita, na hakuna njia ya kuurudisha. Wenye kakao hulegea mapema kuliko mweupe, kwa hiyo uchunguze kila baada ya mikunjo mitano.

Kwa maumbo, chora kiolezo kwenye karatasi ya kawaida kwa kalamu nzito, kiweke chini ya karatasi ya kuokea, kamulia mchanganyiko juu yake kwa mfuko wenye nozeli, yaani ncha ya bomba, kisha ukitoe kabla ya kuoka. Boga ni duara lililobanwa kidogo juu na chini. Mitaro yake ichorwe baadaye kwa brashi, maana mitaro ya kukamulia hujifunika yenyewe maganda yakitulia. Mzuka ni duara la kichwa, kisha mkia unaovutwa chini kwa ncha ya kijiti cha meno. Popo ni duara lenye vitone viwili kila upande, vivutwe nje kuwa mabawa. Tumia nozeli ya milimita 8 kwa miili na ya milimita 3 kwa mabawa na masikio. Sehemu nyembamba zisipungue upana wa sentimita moja, la sivyo zitaiva na kuungua wakati katikati bado pabichi. Na hili husahaulika sana: umbo lisilolingana pande zake, kama mzuka mwenye mkia uliopinda kushoto, linahitaji nusu ya violezo vigeuzwe kinyume. Bila hivyo maganda mawili hayatakutana, na utakuwa na trei nzima ya vifuniko visivyo na chini.

Gonga trei mezani mara tatu nne, na toboa mapovu yaliyobaki kwa kijiti. Yaache maganda dakika 30 hadi 60 mpaka ukigusa kwa kidole yasinate. Hewa ikiwa na unyevu huenda ikahitajika saa moja na nusu. Feni inayopuliza kwa mbali husaidia, lakini ikipuliza upande mmoja kwa nguvu maganda yatainuka upande na kulala upande. Ule utando wa juu ndio siri ya miguu: mvuke ukikosa njia juu hutafuta ukingo wa chini, ukalinyanyua ganda zima sawasawa. Yaliyokauka kupita kiasi nayo hupinda, kwa hiyo kusubiri nusu siku hakuongezi kitu.

Oveni iwe na kipimajoto chake ndani, kwa sababu namba za kitufe mara nyingi haziendani na joto halisi. Nyuzi 150 bila feni, trei moja kwa wakati, rafu ya kati, dakika 14 hadi 16 kwa chungwa na nyeusi. Kwa mizuka na zambarau, kwenye joto la chini nililotaja, ongeza dakika 3 hadi 5. Mkeka wa silikoni huhitaji dakika moja au mbili zaidi kuliko karatasi. Ganda jeusi halionyeshi kuungua wala kuiva, basi usilitegemee kwa macho: lishike juu kwa kidole ulitikise. Likicheza juu ya miguu yake, lipe dakika nyingine moja. Likisimama imara, limeiva. Yaache yapoe kabisa juu ya karatasi ndipo uyabandue. Yakiacha sehemu ya chini kwenye karatasi, hayakuiva.

Maelekezo yenu yanasema kupamba ni hatua ya mwisho, baada ya kujaza krimu. Kwa michoro mingi mpangilio huo si sahihi. Ganda lililojazwa hunyonya unyevu na kulainika, na hilo ndilo tunalolitaka kwa ladha, lakini ganda laini huchubuliwa na kalamu ya wino wa kuliwa na hubonyea chini ya brashi. Chora kwenye maganda matupu yaliyopoa kwa saa kadhaa. Kalamu ishikwe kwa wepesi, mistari mifupi mifupi, na ncha yake ifutwe kila mara kwa sababu vumbi la sukari huiziba.

Aisingi ngumu ya utando wa buibui hutengenezwa kwa ute gramu 30 na sukari ya unga gramu 150 hadi 180. Kwa kuwa aisingi hiyo haipikwi, tumia ute wa pakiti uliotibiwa kwa joto au ule wa unga, usitumie ute mbichi wa yai. Iwe nzito kiasi cha kushika mstari bila kutanda. Chora mistari minane kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha uiunganishe kwa vijipinde vinavyoangalia ndani. Usimwage aisingi nyepesi kufunika ganda zima: maji yake huyeyusha sukari ya ganda na kuacha shimo chini ya urembo, ambalo halionekani mpaka mtu auma.

Chokoleti iliyoyeyushwa ndiyo ninayoipendelea kwa macho, nyuso na miguu ya buibui. Haina maji, hivyo haichuji rangi wala hailainishi ganda. Chokoleti nyeupe ikitiwa rangi, iwe rangi ya mafuta. Tone la jeli yenye maji litaifanya ishikane ghafla kuwa kinyunya kigumu. Jeusi juu ya jeupe ndipo penye hatari ya kuchuja, kwa hiyo macho ya mizuka yawe ya chokoleti nyeusi, tone dogo kwa kijiti. Sanda za mumia ni nyuzi za chokoleti nyeupe zilizopitishwa harakaharaka kwa mfuko uliotobolewa kwa sindano, zikivuka ukingo pande zote mbili, na macho yawekwe kwanza ili nyuzi zipite juu na chini yake. Mitaro ya boga ipakwe kwa rangi ya unga kavu, kahawia ndani ya chungwa, kwa brashi kavu ya manyoya laini. Anayetaka mstari wa majimaji achanganye unga huo na kiowevu chenye alkoholi nyingi, ambacho hukauka kabla hakijapenya, maji yatatoboa.

Kuhusu unga wa kumeremeta, neno "haina sumu" kwenye kichupa halimaanishi kwamba unaliwa. Mwaka 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa taarifa ya watu walioathiriwa na metali nzito kutoka kwenye unga wa kupambia keki katika majimbo ya Rhode Island na Missouri, na wengi wao walikuwa watoto. Kichupa cha kuliwa hueleza wazi kwamba kinaliwa na huorodhesha viungo vyake. Kisichokuwa na orodha kisikaribie chakula, hata kama kinauzwa rafu moja na vinavyoliwa.

Ujazo usiwe na maji mengi. "Damu" ya jemu ya rasiberi au stroberi inapendeza ikichomoza, ila ichemshwe hadi nyuzi 104 au 105 na ipoe, kisha izungukwe na duara la krimu ya siagi linaloizuia kugusa ukingo. Ganashi ya chokoleti nyeusi huwa uzito sawa wa chokoleti na krimu. Ya chokoleti nyeupe inahitaji chokoleti mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa krimu, vinginevyo haitashika. Rojo la boga likiingia moja kwa moja kwenye krimu litaifanya igawanyike. Likaange kwenye sufuria pana bila mafuta, moto mdogo, mpaka likikwaruzwa na mwiko liache njia kavu, ndipo uchanganye na ganashi nyeupe pamoja na mdalasini na tangawizi.

Makaroni zilizojazwa zinahitaji saa 24 kwenye friji, ndani ya chombo kisichopitisha hewa, ndipo ganda na ujazo vielewane. Kwa hiyo kwa sherehe ya tarehe 31 Oktoba, oka tarehe 27, chora tarehe 28 na uache vikauke usiku, jaza tarehe 29. Mwenye nafasi ndogo anaweza kuoka mapema zaidi na kugandisha maganda matupu, hukaa mwezi mzima bila shida. Yaliyochorwa kwa wino au aisingi yasigandishwe. Siku ya kula, toa chombo kwenye friji kikiwa kimefungwa na ukiache hivyo dakika 20 hadi 30. Umande utajikusanya nje ya chombo. Ukifungua kifuniko mapema umande huo utatua juu ya michoro, na kila mstari mweusi utatoka na kivuli.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na halikutajwa hata kwa neno moja kwenye ukurasa wenu. Kila makaroni ni lozi na ute wa yai, na Halloween ni usiku ambao watoto hupita mlango kwa mlango wakipokea vitu kutoka kwa watu wasiowajua. Mtoto mwenye mzio wa lozi hawezi kutambua mzuka mweupe umetengenezwa kwa nini. Makaroni zibaki mezani kwenye sherehe, penye mtu mzima wa kujibu maswali na kadi inayotaja viungo. Kwa watoto wa mlangoni toa kitu kilichofungwa kiwandani chenye orodha ya viungo, au kisicholiwa kabisa. Nchini Marekani, shirika la FARE, linalohudumia watu wenye mzio wa vyakula, lilieneza mwaka 2014 desturi ya kuweka nje boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani, ishara kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula.

Anayetaka biskuti zisizo na lozi wala karanga anaweza kuweka unga wa mbegu za maboga kwa uzito uleule wa lozi. Mbegu zina mafuta mengi, basi zikaushwe kwanza na zisagwe kwa vipindi vifupi vilevile. Maganda hutoka ya kijani bila tone la rangi, na hayo hufaa sana kwa nyuso za majitu na macho ya mazimwi. Ute wa yai bado umo, na kadi iseme hivyo.

Naomba mchapishe upya maelekezo yale kwa gramu na nyuzi za joto kabla ya tarehe 31, na tahadhari ya lozi na mayai muiweke juu kabisa, kabla ya orodha ya viungo.

Msomaji wenu,
Mwokaji wa keki na biskuti